Nyotamkia Haipigiwi Ramli

Jioni ya tarehe 16 Oktoba 2024 nilisimama kwenye uwanda ulio nje kidogo ya mji wa Bariadi, mkoani Simiyu, pamoja na majirani saba na watoto wao, sote tumeelekeza nyuso machweo. Niliwaita mwenyewe. Kwa wiki mbili simu zao zilikuwa zimejaa ujumbe kwamba nyotamkia inakuja, itang'aa kuliko Zuhura, na hakuna aliye hai leo atakayeiona ikirudi. Jua lilipozama na wekundu wa magharibi ukaanza kufifia, Zuhura ikajitokeza ya kwanza. Nikawaonyesha pa kutazama: kulia kwa Zuhura, juu zaidi. Watoto waliiona kabla yetu, kidoa chenye ukungu na mchirizi uliopanda juu kama uzi wa pamba uliochomolewa kwenye kitumba. Watu wazima wanne waliiona baada ya kuelekezwa mara mbili tatu. Watatu hawakuiona kabisa. Mama mmoja aliyekuja na mjukuu mgongoni aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiki ndicho mlichosema kinaishinda Zuhura?"

Sikuwa na jibu fupi. Kesho yake asubuhi, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alilitoa yeye. "Hawa wanafalaki ni wapiga ramli wenye kompyuta," alisema. "Mng'ao wa nyotamkia haukokotoleki. Wanabahatisha. Ikitokea wanajisifu, isipotokea wananyamaza." Waliokuwepo wakakubali kwa vichwa. Kauli hiyo nimeisikia kijiweni, nimeisikia ndani ya basi la Lamadi, nimeisikia kwa watu waliosoma fizikia hadi chuo kikuu. Imeshakuwa hekima ya wote, na watu hujengea juu yake.

Naipinga. Kwanza kwa sababu si kweli. Pili kwa sababu ya neno lenyewe, ramli. Huku Kanda ya Ziwa neno hilo lina damu. Ramli chonganishi imewaua bibi vikongwe kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Imechochea mauaji ya watu wenye ualbino, na Januari 2015 serikali ilifikia kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mpiga ramli anataja jina la mtu, basi. Huwezi kumrudisha nyuma ukamwambia, hapa ndipo ulipokosea, kwa kuwa hana hatua alizopita. Anayekokotoa huacha nyayo. Jibu lake likipishana na yaliyotokea, unarudi naye unyayo kwa unyayo hadi pale mguu ulipoteleza. Mwalimu anayeyapa mambo haya mawili jina moja mbele ya watoto wa Simiyu anawanyang'anya kipimo ambacho huenda siku moja kikaokoa bibi wa mtu.

Nianze na lisilobishaniwa. Nyotamkia ile, iliyoandikishwa kwa jina la C/2023 A3 (Tsuchinshan-ATLAS), ilionekana kwanza tarehe 9 Januari 2023 katika kituo cha Zijinshan nchini China, kisha tarehe 22 Februari ikanaswa na darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Ilikuwa bado mbali sana, nukta hafifu kwenye picha. Hata hivyo zaidi ya mwaka mzima kabla haijafika, ilishajulikana kwamba ingelizunguka Jua tarehe 27 Septemba 2024 na kutupitia karibu tarehe 12 Oktoba, umbali wa kilomita kama milioni 70. Ikawa vilevile. Mwenzangu hakulitilia shaka hilo. Nilipomwonyesha machweo pa kutazama, ilikuwapo. Kwa hiyo ugomvi wetu si juu ya njia ya nyotamkia. Ni juu ya namba moja tu, ile inayosema itang'aa kiasi gani.

Namba hiyo ni daraja la mng'ao, na waliosoma sekondari Tanzania hawatasumbuka nayo, kwani inasomwa kama matokeo ya kidato cha nne: daraja la kwanza linalishinda la nne. Nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona kwa macho matupu penye giza zuri iko daraja la 6. Nyota angavu kuliko zote za usiku, iitwayo Sirius, imevuka sifuri hadi hasi 1.5. Zuhura iko karibu na hasi 4. Tangu Norman Pogson alipoiweka sawa hesabu hii mwaka 1856, hatua 5 za daraja ni tofauti ya mara 100 kamili, na hatua moja ni kama mara mbili na nusu.

Sasa kanuni yenyewe. Kila nyotamkia hupewa mng'ao wa msingi, yaani daraja ambalo ingekuwa nalo kama ingekaa umbali uleule kutoka kwa Jua na kutoka kwetu, umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 150. Umbali huo tuuite kizio. Juu ya mng'ao wa msingi unaongeza mara 5 ya logi ya umbali wake kutoka Dunia. Kisha unaongeza logi ya umbali wake kutoka Jua, ukiizidisha kwa 2.5 na kwa namba moja zaidi inayoitwa n. Yamekwisha. Kinachohitajika ni kitabu cha jedwali za logarithimu, kile ambacho mwanafunzi wa sekondari anacho au ameazima kwa jirani yake wa dawati.

Mgogoro wote umelala katika ile n, na lazima ieleweke. Jiwe tupu angani hurudisha tu mwanga wa Jua. Ukilisogeza hadi nusu ya umbali wake kutoka Jua, mwanga unaolipiga unakuwa mara 4. Hapo n ni 2. Nyotamkia si jiwe tupu. Fred Whipple alieleza mwaka 1950 kwamba ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi, na chombo Giotto kilipopita kilomita 596 kutoka kwenye kiini cha nyotamkia ya Halley usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi 1986, kilikuta bonge la urefu wa kilomita 15, jeusi kama makaa, likifuka gesi na vumbi katika sehemu chache za uso wake. Kadiri linavyolikaribia Jua, barafu hugeuka gesi kwa wingi zaidi na kutifua vumbi zaidi, na vumbi jipya nalo hurudisha mwanga. Ndiyo maana nyingi hung'aa kwa n ya 4 au karibu na hapo: nusu ya umbali, mng'ao mara 16. Nyingine n yao ni 3, mara 8. Nyingine hupanda hadi 6.

Tuikokotoe ya 2024. Tarehe 12 Oktoba ilikuwa kizio 0.47 kutoka kwetu na 0.56 kutoka kwa Jua. Tuseme mng'ao wa msingi ni 6 na n ni 4. Jedwali linasema logi ya 0.47 ni moja yenye mstari juu, nukta 6721, yaani hasi 0.33, mara 5 ni hasi 1.64. Logi ya 0.56 ni hasi 0.25, mara 10 ni hasi 2.52. Sita ukitoa hizo mbili, unabaki na 1.8. Siku zile watazamaji wa sehemu mbalimbali za dunia waliikadiria kati ya sifuri na 1. Kanuni ya mistari mitatu, iliyofanywa juu ya dawati lenye alama za kucha za panya, imekosa kwa daraja moja hivi, na nitaonyesha kwamba hata hiyo moja ina sababu inayojulikana. Nani aliyewahi kupiga ramli akakosea kwa daraja moja, kisha akakuonyesha hilo daraja lilikopotelea?

Wanaopinga hukimbilia Kohoutek, na wana haki ya kuitaja. Tarehe 7 Machi 1973 Luboš Kohoutek, akiwa Hamburg, aliigundua nyotamkia ikiwa bado mbali kama kizio 4.7 kutoka kwa Jua. Kwa umbali ule ilikuwa angavu kupita kawaida. Magazeti yakaitangaza kuwa nyotamkia ya karne, wengine wakataja daraja la hasi 10. Ilipozunguka Jua tarehe 28 Desemba, wanaanga wa kituo cha angani cha Skylab waliiona iking'aa vizuri huko juu, lakini Januari 1974 watu waliotoka nje jioni waliona kitu hafifu, wengi hawakuona chochote, na jina Kohoutek likawa jina la aibu.

Haya, tufuate nyayo. Nyotamkia ile ilikuwa inatoka kizio 4.7 kwenda 0.14. Ukichukua n ya 4, safari hiyo peke yake inaipandisha madaraja 15.2. Ukichukua n ya 3, inapanda 11.4. Tofauti ni madaraja 3.8, na hiyo ni zaidi ya mara 30 za mng'ao. Kosa lilikuwa hapo: namba moja ya n ilichaguliwa kwa desturi, ikapewa nyotamkia ambayo haikuwahi kamwe kulikaribia Jua. Nyotamkia za namna hiyo, zinazotoka kwenye wingu la mbali ambalo Jan Oort alilieleza mwaka 1950, hubeba juu yake barafu za gesi nyepesi zinazofuka mapema, mbali kabisa na joto. Huwaka mapema, kisha kasi yao ya kupanda hupungua. Leo hakuna mwanafalaki makini anayempa mgeni wa mara ya kwanza n ya 4 akalala usingizi. Kohoutek iliwafundisha jambo hilo, nao wakafundishika kwa kuwa kosa lilikuwa limeandikwa.

Mkulima wa pamba wa Itilima au Maswa angewaelewa upesi. Amepanda Desemba. Mwezi Machi anapita kati ya mistari, anahesabu vitumba kwenye miche kadhaa, anakadiria kilo za pamba mbegu atakazopeleka kwenye mizani. Anajua mvua inaweza kukatika. Anajua funza wa vitumba. Kwa hiyo ukimuuliza anakupa namba mbili, ya chini na ya juu. Mwaka ambao funza wanaharibu nusu ya shamba, sijasikia mtu Simiyu akisema basi mavuno ya pamba hayakadiriki na wanaohesabu vitumba ni wapiga ramli. Tunasema mwaka huu funza walizidi. Tunajua pa kuelekeza lawama kwa kuwa makadirio yalikuwa na sehemu zake. Kwa nini nyotamkia inyimwe haki tunayoyapa mavuno ya pamba?

Hapa ndipo nalaumu wanaostahili lawama. Mwanafalaki husema: pengine daraja la 3, pengine sifuri, ikitokea bahati hasi 3. Anayeandika kichwa cha habari huokota hasi 3 na kutupa mengine. Ujumbe ukifika kwenye simu ya mama wa Bariadi, umeshapoteza "pengine" zote mbili. Halafu mambo yakiwa tofauti, anayeshitakiwa ni yule aliyetoa namba tatu, na aliyezikata mbili hatajwi.

Mwaka 2024 wenyewe ulikuwa na kisa kizuri zaidi cha kuonyesha tofauti ya ramli na hesabu. Mwezi Julai, Zdenek Sekanina, mtu aliyezisoma nyotamkia kwa zaidi ya nusu karne, alitoa andiko akisema Tsuchinshan-ATLAS imeshaanza kusambaratika na haitafika ikiwa nzima. Alitoa sababu zake wazi: mng'ao uliokuwa umesimama badala ya kupanda, mkia wa umbo lisilo la kawaida, mwendo wenye dalili za kusukumwa na gesi. Upande wa pili kulikuwa na kanuni ya John Bortle ya mwaka 1991, rahisi kiasi cha kufanywa kichwani: chukua umbali wa karibu zaidi na Jua kwa vizio, uzidishe kwa 6, ongeza 7. Nyotamkia ambayo mng'ao wake wa msingi ni hafifu kuliko jibu hilo ina hatari kubwa ya kufa. Kwa hii, 0.39 mara 6 ni 2.3, jumla 9.3. Mng'ao wake wa msingi ulikuwa karibu na 6, juu ya mpaka kwa madaraja matatu na zaidi. Bortle alisema itapona. Ikapona.

Je, Sekanina alipiga ramli? Hata kidogo. Alisema jambo linaloweza kuonekana kuwa si sahihi kwa tarehe inayojulikana, na tarehe ikafika. Kanuni hiyohiyo ya Bortle ilikuwa imeonya kuhusu nyotamkia ISON mwaka 2013, ile iliyotangazwa magazetini kwamba itashindana na mwezi mpevu: ilikuwa inapita chini ya kilomita milioni 2 kutoka kitovu cha Jua huku mng'ao wake wa msingi ukiwa hauna akiba ya kutosha. Tarehe 28 Novemba 2013 ikayeyuka mbele ya macho ya kamera.

Nimeahidi kueleza daraja moja lililopotea. Aliyewahi kuingia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba asubuhi atanielewa. Simama ukiupa mgongo mwanga unaoingia dirishani, hewa inaonekana safi. Geuka uutazame mwanga, na hewa yote inawaka kwa vumbi la nyuzi. Vumbi laini hutupa mwanga mwingi zaidi mbele, upande ule mwanga unakoelekea, kuliko linavyourudisha nyuma. Tarehe 9 Oktoba nyotamkia ilikaa karibu kabisa kati yetu na Jua, na vumbi lake likawa kama lile la dirishani. Joseph Marcus alikuwa ameshaandika mwaka 2007 namna ya kukokotoa ongezeko hilo. Waliolitumia walisema mapema kwamba mng'ao utaruka hadi kuipita Zuhura. Chombo SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 kuchunguza Jua, kikaipiga picha siku hiyo ikiwa daraja la hasi 4 na zaidi. Tarehe 12 sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa bado ipo, na ndilo daraja letu lililopotea.

Kwa hiyo, mama yangu uliyeniuliza na mjukuu mgongoni, jibu refu ndilo hili. Ilishindana na Zuhura kweli, siku saba kabla ya jioni ile. Siku hiyo ilikuwa upande uleule wa Jua, ndani ya mng'aro wake, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu linaloweza kutazama. Aliyekutumia ujumbe alikupa namba sahihi akakunyima tarehe na mahali. Jioni tuliyosimama sisi, ilikuwa imeshashuka hadi kama daraja la 1 na nusu, na Zuhura hasi 4: tofauti ya madaraja matano na nusu, zaidi ya mara 100. Macho yako yalipima vizuri kabisa.

Na hapo bado sijazungumzia mambo matatu ambayo hakuna mtu aliyewaambia watu wa Simiyu, na ambayo yote yanakokotoleka. La kwanza ni kutandazwa. Daraja la nyotamkia huhesabu mwanga wake wote kana kwamba umekusanywa kwenye nukta moja. Robota la pamba lililoachwa kando ya barabara ya Maswa linaonekana kutoka mbali. Pamba ileile ukiitandaza nyuzi nyuzi juu ya ekari tano, anayepita na basi hataiona, na haijapungua hata gramu. Nyotamkia ya daraja la 4 iliyotanda upana wa mwezi mpevu huonekana Meatu vijijini, kandokando ya Pori la Akiba la Maswa, ambako usiku bado ni usiku. Ndani ya mji wa Bariadi, ambao tangu uwe makao makuu ya mkoa mwaka 2012 umezidi kuwaka taa, inamezwa na anga.

La pili ni hewa. Kitu kilicho utosini hupoteza robo ya daraja hivi kabla mwanga wake haujatufikia. Kikishuka hadi nyuzi 10 juu ya upeo, mwanga hupita kwenye hewa zaidi ya mara 5 ya ile ya utosini, na unapoteza daraja moja na nusu. Mwisho wa kiangazi, vumbi na moshi wa nyika zilizochomwa vikiwa bado vimening'inia, unapoteza mawili na zaidi. La tatu ni mwezi. Mwezi mpevu wa Oktoba 2024 ulikuwa tarehe 17, tena ulikuwa mkubwa kuliko yote ya mwaka huo. Tulisimama pale tarehe 16, huku mwezi unapanda mgongoni mwetu. Walioamka alfajiri za mwanzoni mwa Oktoba, saa 11 na nusu, wakatazama mashariki mwezi ukiwa haupo, walikuwa na anga bora kuliko letu. Hilo kosa ni langu mimi niliyewaita, na kalenda ilikuwa ukutani.

Sitaki kushinda kwa kuficha. Ipo nyotamkia ambayo hakuna hesabu iliyoiona ikija. Mwezi Oktoba 2007 ile iitwayo Holmes, hafifu ya daraja la 17, isiyoonekana ila kwa darubini kubwa, ililipuka na katika muda usiofika siku mbili ikapanda hadi daraja la 2.8, karibu mara nusu milioni. Watu waliiona kwa macho matupu. Hakuna kanuni iliyotaja siku hiyo, na leo ikirudia hakuna itakayoitaja. Nakubali bila masharti. Ila pale mtu anapoichukua Holmes akaifanya sheria ya zote, namkatalia. David Levy, mmoja wa wale walioigundua nyotamkia iliyoipiga Mshtarii mwezi Julai 1994, alizoea kusema nyotamkia ni kama paka: zina mikia, na hufanya zipendavyo. Msemo huo umezunguka dunia na umedhuru kuliko alivyokusudia, kwa sababu wanaourudia hawajafuga paka. Aliyefuga anajua paka wake hurudi saa ngapi kula, hulala wapi jua likiwa kali, na hukimbia kelele gani. Siku moja katika mwaka atapotea na hatujui kwa nini. Siku 364 anajulikana.

Tena hesabu huweza kutabiri hata kukatisha tamaa, jambo ambalo wapiga ramli hawalipendi. Miaka kabla ya Halley kurudi mwaka 1986 ilishaelezwa waziwazi kwamba ujio huo ungekuwa hafifu kuliko ule wa 1910. Mwaka 1910 ilipita kizio 0.15 kutoka kwetu, mwaka 1986 ingepita 0.42. Fungua jedwali: umbali huo peke yake unaishusha madaraja 2.2, karibu mara 8. Ikawa hivyo. Wanaosema "Halley ilituangusha" hawakusoma walichoandikiwa.

Linabaki lile pingamizi la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya unyenyekevu na linaniumiza kuliko yote: haya ni ya wenye darubini, sisi watu wa pamba na mifugo hayatuhusu. Bariadi iko chini ya Ikweta kwa pungufu kidogo ya nyuzi 3. Aliyeko London hataiona kamwe nyotamkia iliyo karibu na ncha ya kusini ya anga, aliyeko Cape Town hataiona iliyo karibu na ncha ya kaskazini. Mtu wa Simiyu huziona karibu zote. Nyotamkia McNaught ya Januari 2007, iliyoonekana hata mchana karibu na Jua, ilihama kaskazini kwenda kusini, na ni watu wa kwetu waliokaa katikati ya njia yake. Halafu watu hudhani ile n hutoka kwenye mashine. Hutoka kwenye macho. Watazamaji wa kawaida huandika kila jioni: nyotamkia leo ni angavu kuliko nyota ile, hafifu kuliko ile. Makadirio hayo hukusanywa, kwa mfano katika hifadhi ya COBS inayotunzwa na kituo cha Crni Vrh nchini Slovenia. Jioni mbili zilizoandikwa vizuri, umbali ukiwa unajulikana, zinakupa milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana, mng'ao wa msingi na n. Hilo ni somo la sekondari.

Nami nina faida moja ambayo wenzangu hawana: sioni mbali. Nyotamkia ni kidoa, nyota ni nukta, na ni vigumu kulinganisha kidoa na nukta. Watazamaji wenye darubini huvuruga lenzi kwa makusudi hadi vyote viwe vidoa vya ukubwa mmoja. Mimi navua miwani.

Jioni zile za Oktoba 2024 nilizivulia miwani, na daftari lipo. Limeandikwa tarehe, saa, kimo juu ya upeo, nyota nilizolinganisha nazo na madaraja yake, hali ya mwezi. Ukurasa wa tarehe 16 nimeandika 2.4. Ni hafifu mno, na najua sababu: nyota niliyolinganisha nayo ilikuwa juu kuliko nyotamkia, nami sikusawazisha hewa. Marekebisho yapo pembeni kwa kalamu nyekundu. Nimeliweka daftari hilo kwenye meza ya chumba cha walimu, upande wa dirisha. Mwenzangu alifungue ukurasa huo, na kama kalamu nyekundu nayo imekosea, aandike chini yake.